Barua Nne Ambazo Seva ya Migori Ilizikataa

Leonida alipewa pole ya kifo cha mamake kabla hajajua kwamba mama ameaga.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi, Novemba 1998, ofisini Migori. Metrine, nesi wa shirika lao la afya, alishuka kwenye gari lililotoka Homa Bay, akamshika mkono.

"Pole sana, dada. Tulishangaa hukufika."

"Kufika wapi?"

Metrine akaketi kwanza, ndipo akamwambia. Mama alilazwa Homa Bay tangu Jumatatu. Mapafu. Alhamisi adhuhuri akaenda.

Leonida hakulia. Alishikwa na hasira.

Kakake, Cephas, alisimamia stoo ya ofisi ya Homa Bay. Waligombana Agosti, kila mmoja akitaka mama akae kwake. Tangu hapo, kimya.

"Hata hili amenificha," alisema.

Simu za Migori zilikuwa zimekufa tangu mvua iangushe nguzo. Lakini kompyuta za ofisi hizo mbili zilitumiana barua kwa redio, na seva ya Migori, kompyuta kuu iliyopokea barua hizo, ilikuwa mikononi mwa Leonida mwenyewe. Wiki hiyo haikuingia barua hata moja. Alidhani mvua imeharibu redio pia.

Akapanda gari hilohilo likirudi.

Cephas alikuwa stoo, anatafuta turubai la matanga.

"Umekuja kufanya nini sasa?"

"Si ungeniita."

"Nilikuandikia mara nne, Leonida. Jumatatu, Jumanne, Jumatano mara mbili. Nikaona umegoma kujibu."

Wakaenda kwa Kerosi, fundi wa kompyuta. Akatazama kioo cha kompyuta.

"Ziko hapa, zote nne, zimepanga foleni. Seva ya Migori inazikataa. Inajibu kwamba diski yake, pale inapohifadhi kila kitu, imejaa."

"Imejaa nini?" Cephas akauliza.

"Lazima ni logi. Ni kama daftari, kompyuta hujiandikia kila inachofanya. Mimi niliiwekea amri: kila wiki daftari lifungwe, lianzishwe jipya, la zamani lifutwe." Akamgeukia Leonida. "Kuna mtu aliongeza amri nyingine?"

Leonida akakumbuka.

Septemba, mkubwa wao alitaka rekodi zitunzwe mwaka mzima. Leonida akaandika amri yake kwenye faili nyingine, kwa logi ileile. Hakufungua ya Kerosi kuangalia. Programu ilipokuta amri mbili zinapingana, haikufuata hata moja. Logi ikanenepa, ikanenepa, mpaka ikala diski yote.

"Ni mimi," alisema. "Ni mimi niliyeziba njia."

Cephas akasema polepole, "Na mimi ningepanda gari nikufuate. Ni mwendo wa saa mbili tu. Kiburi kilinikalisha."

"Mama aliniulizia?"

"Kila siku. Nikamwambia una kazi nyingi."

"Akasema nini?"

"Akasema, mwacheni amalize, asije akafutwa kazi."

Hapo ndipo Leonida alipolia.

Walimzika mama huko Rangwe, karibu na Asumbi, wakiwa wamesimama bega kwa bega, jambo ambalo mama alilitamani tangu Agosti.

Ndugu yangu unayesoma, kabla hujaongeza amri yako, tazama iliyokutangulia. Na mtu wako akinyamaza, usikae ukimhukumu. Inuka, umfuate.