Nyumba Mbili Zilizomposa Binti Yangu

Binti yangu aliposwa na nyumba mbili katika wiki moja. Maneno hayo si yangu, ni ya dada yangu mkubwa, ambaye tangu tulipokuwa Unguja mpaka leo tumekuwa watu wa Landani hajapata kuona jambo la mtoto wa kike lisilofanana na posa. Nilimpigia simu kumwambia kuwa vyuo viwili vimemkubali mtoto akasomee uigizaji wa jukwaani, ule wa kuimba, kucheza dansi na kusema, vyote kwa pamoja. Nikamwambia anatakiwa achague kimoja kabla mwezi haujaisha, na akishachagua hakuna kurudi nyuma, miaka yake mitatu ndiyo imekwenda huko. Dada akaniuliza, "Mmeshawaulizia?"

Kwetu posa ikija, mtu hakurupuki kujibu. Jamaa wa binti huwatuma watu wakaulizie. Anaulizwa jirani, anaulizwa mwenye duka la mtaani, na mambo yenyewe ni kama kijana ana hasira, kama anasali, kama mama yake ana mdomo, kama nyumbani kwao wanakula pamoja au kila mtu na sahani yake chumbani. Dada ni bingwa wa kazi hiyo. Ipo posa aliyoivunja kwa sababu ya jibu la fundi cherehani tu. Nilimwambia, dada, hivi ni vyuo, kila kitu wamekiandika kwenye mtandao. Akaniuliza kama nimewahi kuona mchumba aliyeandika mwenyewe kuwa ni mlevi.

Lazima niseme kwamba mpaka siku ile mimi sikuwa nimelichukulia jambo lenyewe kwa uzito. Majira yote ya baridi tulikuwa tunazunguka mji kwenda kwenye usaili, yeye na begi lake la viatu, mimi na usingizi wangu. Kazi yangu ni kutunza wazee usiku, katika nyumba ya wazee iliyo karibu na Kingsbury, kwa hiyo mara nyingi nilikuwa natoka kazini asubuhi na kupanda naye treni moja kwa moja. Wanaosailiwa wakiingia ndani, mlango unafungwa, na wazazi tunabaki ukumbini nje na vikombe vyetu vya kahawa. Watoto wa watu wanapita wakiwa na namba kifuani, wananyanyua miguu ukutani kama wanaanika nguo. Nilikuwa nawaangalia kidogo, halafu nasinzia. Vyuo kadhaa vilimkataa. Nilidhani hamu ile itapita, kama ilivyopita ile ya viatu vya magurudumu.

Na kwa kweli sikuwahi kumsikia akiimba hasa. Nyumbani kwetu mchana ndio usiku. Baba yake akienda kuendesha basi lake, mimi ninalala, na mtoto amekua akijua kufunga mlango bila kuulizwa. Alikuwa anaimba jikoni kwa sauti ya chini tu, na mimi nikijua ndiyo sauti yake hiyo, nzuri, ndogo, ya kupikia chai.

Basi Jumamosi moja mimi na dada tukaenda kuulizia nyumba ya kwanza. Hiyo ni ya katikati ya mji, vioo kutoka chini mpaka juu, na ukutani picha za waliosoma pale, wote wana meno mazuri. Dada alivaa baibui lake na raba nyeupe, akaanza na mlinzi wa mlangoni. Mlinzi alisema hao vijana wanamsalimia kila asubuhi, na dada akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akavuka barabara kwenda mkahawani, akamwuliza mwenye mkahawa vijana wa pale wakoje. Yule bwana alisema wananunua maji matupu, na wakishuka ngazi wanashuka kama wazee. Mwisho akamkuta msichana amekaa kwenye ngazi anafunga plasta vidole vya miguu. Nilijaribu kumvuta dada mkono, nikachelewa.

"Samahani mwanangu, humu ndani wanakupenda?"

Yule msichana hakucheka. Alifikiri kwanza, akajibu kwamba habari ya kupendwa haijui, ila kila siku kuna mtu anautazama mguu wake mpaka ukae sawa.

"Mama mkwe mkali," dada alinambia tulipokuwa tunaondoka, "lakini si mwongo." Mimi nikamkumbusha kwamba pale ndipo mtoto alipotia aibu kwenye dansi siku ya usaili. Mwenyewe alinisimulia kwenye treni: wenzake wote walikwenda kulia, yeye akaenda kushoto, akagongana na mtu. Hatukuelewa hata kwa nini walimchukua.

Nyumba ya pili iko upande wa pili wa mto, unashuka treni halafu unapanda basi. Ni jengo kuukuu la matofali, ngazi zinalia, na ukiingia unasikia harufu ya vumbi na mkate wa kuchoma. Huko tulialikwa rasmi, mtoto na wazazi, siku ya kuwakaribisha waliokubaliwa. Baba yake alikuwa zamu, dada akaja kwa niaba ya ukoo. Hakupata wa kumwuliza ila mama mmoja mwenye duka la dobi la jirani, ambaye alisema mlango wake wa nyuma haufungi mchana, apate kuwasikia wanavyoimba. Jibu hilo dada alilipenda sana.

Mwalimu wa kuimba alikuwa mama wa makamo, mfupi, nywele nyeupe, miwani inaning'inia shingoni, miguuni amevaa ndara za nyumbani kabisa. Aliwaita watoto mmoja mmoja waimbe mbele yetu sote. Wangu zamu yake ilipofika akaimba vizuri, kwa adabu, ile ile sauti yangu ya jikoni. Nilikuwa natikisa kichwa kwa raha. Mwalimu akainua kidole, mpiga piano akaacha.

"Nyumbani kwenu nani amelala?" akauliza.

Nilidhani sikusikia sawa. Mtoto aliangalia chini, kisha akanielekeza kidole mimi. "Mama."

Watu walicheka. Mimi uso uliniwaka, na si kwa haya. Nilikasirika. Nilitaka kumwambia yule mama kwamba wazee wa mji huu hawajigeuzi wenyewe kitandani, yupo mtu anayewageuza, na mtu huyo lazima alale saa ambazo wengine wako macho. Lakini yeye hakuwa amecheka. Alinifuata, akanishika kiwiko kwa heshima, akaniomba nikakae kwenye kiti cha mwisho kabisa ukumbini, nifumbe macho. Kisha akamwambia mtoto arudie wimbo ule ule, safari hii amwamshe mama yake.

Akaanza, akakatika. Nilimsikia akisema kwa Kiingereza chake kwamba hawezi, mama ana kazi.

"Leo una kazi?" mwalimu akaniuliza kutoka kule mbele.

"Sina," nikasema. Nilikuwa naingia saa mbili usiku ule ule.

Piano ikaanza tena. Sijui nilieleze vipi lililofuata, na nimeshajaribu kumweleza baba yake nikashindwa. Sauti ile haikuja masikioni kwanza. Ilikuja kwenye kiti. Niliisikia mgongoni, mbao za sakafu zikitetemeka chini ya viatu vyangu, halafu ndipo ikafika, pana, haina hofu, ikaujaza ukumbi ule mpaka kwenye dari na bado ikawa na akiba. Nilifumbua macho nione nani kaingia. Alikuwa yeye. Amesimama na sweta lake la skuli, mikono imening'inia tu, mdomo wazi. Ile koo naijua. Nimeipaka mafuta ikiwa na kikohozi, nimeinywesha tangawizi na asali, nimeitazama ndani na tochi. Sikujua kama mna kitu kama kile. Ilinijia hofu, hofu ya mtu aliyekaa nyumba moja na kitu kikubwa miaka yote akidhani ni kidogo. Pembeni yangu dada, aliyenifuata huko nyuma, alisema "Subhana Allah" taratibu. Mimi machozi yalikuwa yanatoka yenyewe, nikayaacha.

Alipomaliza mwalimu alivaa miwani yake, akamtazama, akasema kwamba siku ya usaili walimsikia huyu kwa mbali, nyuma ya yule mwingine wa sauti ndogo, na ndiye waliyemkubali.

Kwenye basi mimi na dada tuliamua. Hapa ndipo. Hakuna cha kujadili tena. Mtoto alikuwa amekaa kiti cha mbele yetu anatazama nje, hakutia neno, na kwetu mwari akiulizwa akanyamaza amekubali, kwa hiyo dada akaanza kupanga atakuwa anashuka kituo gani asubuhi na atasali wapi adhuhuri.

Jumapili, tumekaa tunakula, mtoto akasema anakwenda ile nyumba ya kwanza.

Niliweka kijiko chini. "Ya vioo? Iliyokugonganisha na watu?"

"Ndiyo, Mama."

"Yule mwalimu amekufungua koo mbele ya macho yangu, na wewe unamwacha?"

Yeye hunijibu kwa Kiingereza siku zote, ananisikia kwa Kiswahili na kunirudishia kwa Kiingereza, na hivyo ndivyo alivyonijibu, polepole, kama mtu aliyekwisha kulifikiri. Alisema sauti ameshaipata, imeshatoka, hata akitaka hawezi kuirudisha. Lakini kwenye dansi hajui kitu. Kule kwenye vioo yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho chumba kizima, waliuona udhaifu wake wote, wakamtaka hivyo hivyo, na anataka kukaa mahali ambapo yeye ndiye asiyejua. Mwisho akainua mikono, akasema kwa Kiswahili, "Miguu sina, Mama."

Nilimtazama mtoto huyu, ambaye bado ananiuliza soksi zake ziko wapi, nikawaza kwamba mimi, lau ningekuwa yeye, ningekimbilia pale niliposifiwa, na nisingetoka tena. Tulikuwa tunahangaika kumwulizia, kumbe mwenyewe ameshaulizia kutuzidi. Baba yake akajiongezea wali, akasema, "Ameshasema." Na kweli alikuwa ameshasema.

Jioni dada alipiga simu, nikaiweka mezani sauti wazi kwa sababu nilikuwa nakunja nguo, na mtoto yuko kwenye sinki anaosha vyombo, visikizio masikioni. Nilitegemea dada atagomba. Hakugomba. Alisema mwari amesema, basi. Lakini nilipomwambia kwamba kukikataa chuo cha pili ni kubonyeza tu kwenye simu, hapo ndipo alipopandisha sauti: posa haikataliwi kwa kubonyeza. Watu waliokutaka wamekuheshimu, lazima mtu aende, akae, aseme kwa kinywa chake, na haendi mikono mitupu. Nikamwambia nitakwenda mimi Jumatano, siku yangu ya kupumzika.

Jumatano nikapika mkate wa kumimina, ule wetu wa mchele, nikaufunga kwa kitambaa, nikapanda treni na basi. Mwalimu alinikaribisha kwenye chumba chake kidogo kilichojaa karatasi za muziki, akaondoa koti kwenye kiti nikakaa. Nikaanza maneno yetu ya kukataa posa: kwamba mmetupa heshima kubwa, kwamba si kwa ubaya wala kwa dharau, kwamba ni riziki tu haikuwa, na Mungu atawapa aliye bora zaidi. Kwa Kiingereza changu yalitoka yamepinda kidogo, lakini nilifika mwisho. Yeye alinisikiliza mpaka nikamaliza, hakunikata hata mara moja.

"Ahsante," akasema. "Alikuja Jumatatu."

Nikamwuliza nani.

"Binti yako. Alikaa hapo hapo ulipokaa."

Jumatatu mchana mimi nilikuwa nimelala. Mwalimu alinyoosha mkono kwenye rafu ya vitabu, akashusha sahani iliyofunikwa, akaifunua. Ulikuwa nusu ya mkate wa kumimina. Umebonyea katikati, na chini umeungua mweusi. Sikuwahi kumfundisha. Hata kuuonja hapendi.

"Aliniambia mtu haji kusema hapana bila ya kitu mkononi," mwalimu akasema. "Kisha akasimama, akaniomba radhi, akasema maneno yale hawezi kuyasema kwa Kiingereza, hayatakuwa na adabu. Akayasema kwa lugha yenu."

"Kwa Kiswahili?" nikauliza. "Alisema nini?"

"Mimi sikufahamu hata neno moja. Yalikuwa marefu. Lakini hakunong'ona," akasema, na akaanza kutafuta kisu, akatukatia kila mtu kipande cha ule ulioungua.