Tiketi Nyekundu za Pilau

Ndugu yangu mkubwa alirudi kutoka Uganda bila meno ya mbele na bila utingo wake. Alikuwa dereva wa lori la saruji. Mimi nilikuwa karani wa wakala wa forodha pale Malaba, kwa hiyo nilikuwa wa kwanza katika familia kumwona akivuka daraja kwa miguu. Sikumtambua. Niliona mwanamume aliyekonda, suruali kaifunga kwa kamba ya katani, anatembea kama mtu asiyeamini ardhi. Aliponiita kwa jina langu la utotoni niliacha karatasi za watu mezani, nikakimbia.

Hizo zilikuwa siku ambazo upande wa pili ulitawaliwa na jeshi, na sisi wa mpakani tulizizoea habari zake kama jirani wa bucha anavyozoea harufu ya damu. Lori lake lilisimamishwa kwenye kizuizi kabla ya kufika Jinja. Wanajeshi walilitaka lori. Dereva na utingo walikuwa mzigo tu. Wakapelekwa kambini, wakachuchumalishwa uani pamoja na wengine, mikono kichwani, tangu jua kuchomoza hadi kuzama. Aliyeinuka alipigwa kwa kitako cha bunduki. Chakula kilikuwa posho, ugali wa kule, tena haujaiva, unamwagwa sakafuni na kila mtu ajitetee. Siku nyingine hakikuja kabisa. Utingo wake, mtu mzima wa Matayos mwenye watoto, aliinuka siku moja kuuliza kama watakula. Walimpiga mpaka akaacha kusogea, kisha wakawaamuru waliobaki wamburute hadi nyuma ya bohari. Ndugu yangu alimshika mguu mmoja. Kwa nini yeye walimwachilia, hakuwahi kujua. Haya alitusimulia mara moja tu, jikoni kwa mama kule Butula, na hakuyarudia.

Miezi ikapita. Alikuwa akila haraka, ameizungushia sahani mkono, na mkewe alikuwa akikuta vipande vya ugali chini ya mto.

Ndipo mabembea yakaja Busia. Mwenye mabembea alitoka Nairobi na malori yake, akauzungushia uwanja mabati na seng'enge. Kulikuwa na gurudumu kubwa la kupandisha watu angani, farasi wa mbao waliozunguka kwa nguvu ya jenereta, na pipa refu la mbao ambamo mtu aliendesha pikipiki ukutani. Tiketi ziliuzwa mapema katika duka moja karibu na stendi ya mabasi. Nyeupe ilikuwa ya kubembea tu. Nyekundu ilikuwa ya kubembea na kula: pilau ya nyama na soda adhuhuri, chai na mandazi alasiri, vyote vimelipiwa. Bei yake ilikuwa karibu mara mbili ya ile nyeupe.

Ndugu yangu alileta nyumbani nyekundu: yake, ya mkewe, ya mama na yangu.

Shemeji yangu alikuwa mwanamke wa kupima mambo kabla ya kuyagusa. Alisema kwa tofauti ile tungekula nyama katika hoteli yoyote ya Busia na kubakiza nauli. Akasema tena kwamba mtu anayekwenda kuzungushwa angani hali sana, na akila sana atatapika, kwa hiyo mwenye mabembea anauza kitu anachojua hutakimaliza. Mama naye aliuliza ni nani hununua chakula ambacho hajaona hata chungu chake. Ndugu yangu alisikiliza mpaka wakamaliza.

"Nimelipa," akasema. "Mtu akishalipa kabisa, hakuna wa kumnyima."

Lakini mama, kimya kimya, alichinja kuku usiku wa kuamkia safari. Alimchemsha, akamkausha kidogo kwa moshi, akasonga ugali wa wimbi na kuufunga katika majani ya mgomba. Firigisi aliiweka peke yake juu, kwa kuwa kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, na hakuwa amempa mwanawe firigisi tangu aliporudi, kwa sababu ya meno. Safari hii alikuwa ameikatakata.

Langoni alisimama mlinzi mwenye koti la kijeshi lililopauka na rungu la mkuyu. Alitazama kikapu cha mama, akafunua majani.

"Chakula ya nje haiingii, mama. Ndani iko ya kununua."

Mama alimweleza kwamba sisi tumekwisha kununua ya ndani, na hii ni ya mtoto wake mgonjwa. Mlinzi akashika mkono wa kikapu. Mama hakuachia. Wakavutana mbele ya watu, mwanamke wa umri ule na kijana wa watu mwenye shingo kama ya fahali, mpaka ukindu ukapasuka na kuku akaanguka mavumbini. Mlinzi alimsukuma kuku kwa kiatu hadi nje ya mstari. Mbwa walikuwa tayari wanangoja. Bila shaka hatukuwa wa kwanza. Mama alibaki na mkono wa kikapu, vidole vinamtoka damu mahali ukindu ulipomkata.

Nilimtazama ndugu yangu. Taya lake lilikuwa likicheza. Mkewe alimshika kiwiko, akamwambia polepole kwamba chakula kipo ndani, kimelipiwa, twende. Tukaingia.

Siwezi kusema hatukufurahi. Shemeji alipanda gurudumu akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamvuka, na ndugu yangu alimtazama kutoka chini, akitabasamu huku ameziba mdomo kwa kiganja. Mama alikataa kupanda chochote. Alikaa kwenye nyasi akinyonya vidole vyake vilivyochanika, akiangalia farasi wa mbao kama anayeangalia ng'ombe wa mtu mwingine wakiharibu shamba.

Adhuhuri kengele ikapigwa, na kila mwenye tiketi nyekundu akaelekea kwenye turubai la chakula. Hapo ndipo tulipoona idadi yetu. Watu wa Mundika, wa Matayos, madereva na matingo kutoka foleni ya Malaba, akina mama na watoto migongoni, wote wameinua vikaratasi vyekundu, na chini ya turubai sufuria za pilau zisizotosha hata harusi ya maskini. Mpishi alikuwa mwanamke mmoja wa makamo, jasho linamtiririka, anapakua kwa mwiko mrefu bila kuinua macho. Kando yake mchuzi wa mifupa ulikuwa unachemka katika sufuria kubwa juu ya mafiga.

Walioanza walipata sahani nzima. Waliofuata wakapata nusu. Kisha zikaja sahani za ukoko na mchuzi, na watu wakaanza kusukumana. Mtu mmoja alisema kwa sauti turudishiwe pesa, akajibiwa kwamba tiketi ikishakatwa hairudi. Jua lilikuwa kali na mtoto alikuwa akilia mahali fulani chini ya miguu yetu. Walinzi wakaja na marungu, yule wa langoni akiwa mbele, wakawa wanawapiga watu magotini ili wanyooshe mstari.

"Chuchumaa!" akapaza sauti. "Wote. Asiyechuchumaa hakuli."

Wengi walichuchumaa. Wengine walicheka wakati wanashuka, kama watu wanaocheza mchezo wa shule. Mama alishuka taratibu kwa sababu ya nyonga. Mimi nilishuka. Nilipoinua macho nilimwona ndugu yangu amesimama peke yake katikati ya umati ule, mikono inaning'inia, tiketi nyekundu iko kati ya vidole vyake.

Mlinzi alimwambia tena. Hakushuka. Nikamwona mlinzi anazunguka nyuma yake na kumtandika rungu nyuma ya magoti, pigo la kumwangusha ng'ombe, na ndugu yangu akaenda chini kwa goti moja. Kisha akainuka, na aliyeinuka sikumjua.

Alilipokonya lile rungu kama mtu anayechukua kitu chake. Pigo la kwanza lilimpata mlinzi usoni, na nilisikia mfupa ukivunjika. La pili lilimpata alipokuwa tayari anaanguka. Nilimrukia ndugu yangu kiunoni nikamkumbata kwa nguvu zangu zote. Kiwiko chake kikanipasua pua na nikaanguka chali, damu inanijaa kooni. Walinzi wengine walikuja, na matingo wa Malaba, ambao walikuwa wakingoja sababu tangu asubuhi, wakawapokea. Watu waliokuwa wamechuchumaa waliinuka wote kwa pamoja. Nguzo ya turubai ilikatika. Niliona mtu akipigwa kwa sahani, mwingine akimng'ata mlinzi sikioni na kumshikilia hivyo kama mbwa. Wanawake walitambaa kuwatoa watoto. Turubai liliposhuka lilipindua sufuria ya mchuzi, na mchuzi wote ukamwagikia miguu ya mpishi.

Sauti yake ilipita juu ya kelele zote. Lakini ndugu yangu hakuisikia. Alikuwa bado anampiga mlinzi pale chini, bila haraka, kama mtu anayetwanga, na mlinzi hakuwa akijikinga tena.

Mama ndiye aliyefika. Alipita katikati ya marungu yale akiwa ameinama, akalala juu ya mlinzi, kifua kwa kifua, yule yule aliyemwangushia kuku wake. Pigo lililokuwa njiani lilimpata begani. Akageuza uso, akaweka mkono kwenye kifua chake mwenyewe, akamwambia mwanawe:

"Piga tena, na ziwa ulilonyonya nitalitoa hapa mbele ya watu."

Kila Mluhya aliyekuwa karibu alijua maana yake. Laana ya ziwa haina dawa. Ndugu yangu alisimama na rungu juu, na nikaona akili ikimrudia polepole, kama maji yanayopanda kisimani. Akalidondosha. Akamtazama mama, akaitazama damu, akatazama kule mpishi alipokuwa akigaagaa, watu wakimmwagia soda miguuni kwa kukosa maji.

Polisi walipoingia walipiga bila kuuliza nani alianza. Ndugu yangu hakungoja kuambiwa. Kabla hawajamfikia alichuchumaa mwenyewe na kuweka mikono kichwani, macho chini, vizuri kabisa, kama mtu aliyefundishwa. Shemeji yangu alipoona hivyo alilia kwa mara ya kwanza tangu mumewe arudi kutoka Uganda.

Mlinzi hakufa, ingawa taya lake halikurudi mahali pake. Ndugu yangu alifungwa. Hakimu aliuliza kama ana la kusema, naye akajibu kwamba alikuwa amelipa. Watu walicheka mahakamani, na mimi nilitamani kuwavunja meno. Mwenye mabembea aling'oa mabati yake akaondoka kabla ya kesi, na tiketi nyekundu zilibaki zikipeperuka uwanjani mpaka mvua ikaziozesha.

Siku hizi wajukuu wangu hunipeleka kwenye viwanja vya burudani vya Nairobi, na mlangoni huuziwa chakula cha siku nzima kwa malipo ya mapema. Huniuliza kama inafaa. Wanadhani mimi ni mbahili. Huwaambia lile shemeji yangu alilolisema: angalieni mtakula kiasi gani kweli mkiwa mnarukaruka. Naongeza langu: kama mnakatazwa kuingia na chakula chenu, jiulizeni kwa nini. Aliyekwisha kukulipisha hana tena sababu ya kukuogopa. Nikifika hapo huwa nanyamaza, maana wao wanazungumzia chipsi.

Mpishi alilazwa muda mrefu hospitali ya Busia. Mama alikwenda kumwona akimpelekea uji, bega lake mwenyewe likiwa limefungwa kwa leso, na ndivyo tulivyojua kwamba ni mke wa mkulima wa Mundika aliyechukua kibarua cha siku moja tu. Hakumlaumu mtu. Alisema wanaume walipigana, yeye alikuwa njiani. Lakini miguu ilipona vibaya, ngozi ilivutika, akawa hawezi kusimama shambani.

Ndugu yangu alipotoka jela hakuja nyumbani kwanza. Alishuka Mundika. Mume wa mpishi alikuwa akikata majani ya ng'ombe, na ndugu yangu alipojitambulisha ni nani, yule bwana alimkata panga kwenye mkono, chini kidogo ya bega, mpaka mfupa ukaonekana. Ndugu yangu hakukimbia na hakuinua mkono wa pili. Alibaki amesimama, damu inamwagika kwenye majani, mpaka mwenye panga mwenyewe akaogopa na kuita watu. Mpishi mwenyewe alitoka nyumbani akitambaa, akapasua shuka, akamfunga.

Mkono ulipopona alianza kwenda kule kila alfajiri ya msimu wa kulima, na ng'ombe wetu na jembe la kukokota. Siku za kwanza yule bwana alikaa kwenye mpaka wa shamba, panga liko mapajani, akimtazama tu. Baadaye akawa anashika kamba za ng'ombe. Adhuhuri mpishi alijikongoja kuleta chakula shambani, na ndugu yangu alikula nao kutoka sinia moja, taratibu, bila kuzungushia mkono.

Hakuendesha lori tena. Mwaka uliofuata mvua ziliwahi, na yule bwana wa Mundika alikuja mwenyewe Butula kwa miguu kuuliza kama ng'ombe wetu wana nafasi. Mama alimkaribisha, akatoka nyuma kwenda kutafuta kuku wa kuchinja.