Blanketi la Mama Feza

Nilitoka Kasongo kwa sababu ya kitambaa ambacho hakivaliwi wala hakitandikwi. Mtawa anayesimamia karakana ya ushonaji ya wasichana alikuwa akitafuta mtu wa kumletea kitambaa hicho kutoka Salamabila, kitundikwe katika ukumbi mpya. Aliyekitengeneza, Mama Feza, alikuwa amekishughulikia tangu mvua za mwaka uliopita. Wasichana wakikipenda, baadhi yao wangetumwa kwake kujifunza.

"Ni kitambaa cha kuangalia tu?" niliuliza.

"Cha kuangalia tu."

Shule niliipa kisogo mapema, lakini kuuliza sijaacha. Siku hiyohiyo nikatafuta pikipiki.

Asubuhi iliyofuata tuliondoka, mimi na dereva Shabani, ambaye huimba penye njia nzuri na kutukana penye matope. Tulitukana kuliko tulivyoimba. Watu wa baiskeli waliosukuma madumu ya mafuta ya mawese walitupita, kisha tukawapita, kisha wakatupita tena wakicheka. Kila kilima Shabani, ambaye pikipiki huiita moto, alisema, "Shuka, ndugu, usukume. Ukipanda ni mupanda-moto, ukisukuma ni mekanisyan, fundi kabisa."

Lusangi tulifika jua likiwa kichwani. Huko anaishi kaka yake Mama Feza, mkulima, ambaye humtayarishia nyuzi za rafia. Tulimkuta anachana majani machanga kwa ukucha, taratibu, kama mtu anayesuka nywele za mtoto, kisha anayaanika kwenye kamba. Alinikabidhi fungu moja.

"Muambie dada yangu angojee zingine mpaka nivune mupunga," alisema. "Yeye anashona mablanketi ya zamani, watu wote wanasema iko muzuri. Mimi ninalima muhogo safi, hakuna mutu anasema kitu!"

Salamabila tuliingia siku iliyofuata. Ni mji wa dhahabu. Wachimbaji hutandika blanketi juu ya ubao ulioinama, humwaga udongo na maji, na vumbi la dhahabu hunasa kwenye manyoya ya blanketi. Blanketi likichakaa hulichoma na kuosha majivu, maana huwa limebaki na kitu. Mama Feza huyaomba mablanketi hayo kabla ya moto. Huyakata, huyaunganisha kwa sindano ya magunia, na juu yake hushona rafia aliyoitia weusi kwa matope na wekundu kwa unga wa mti.

Alikining'iniza kitambaa chenyewe mbele yangu. Kilijaza ukuta mzima: vipande vya kijivu vilivyochakaa, na katikati mistari myekundu ikipanda na kushuka kama watu wanaobebana. Nilisahau kusalimia.

"Mama!" nilipaza sauti. "Hii kazi ni zahabu tupu!"

Sindano ilimponyoka. "Nyamaza, ndugu! Unajua uko wapi?"

Mtu mmoja alikuwa akipita barabarani. Kabla chai haijapoa, wanaume sita walisimama mlangoni. Mbele yao alikuwa Papa Ramazani, mwenye shimo la kuchimbia dhahabu, ambaye watu wake humwita PDG, yaani mkurugenzi mkuu. Mkononi alishika kidumu cha petroli.

"Mama Feza, nasikia mablanketi yangu iko na zahabu."

"Nani amesema?"

Wote walininyooshea kidole. Nilieleza kwamba nilikuwa nasifu tu, kwamba kwetu ndivyo tunavyosema.

"Na kwenu mutu akiona zahabu ya kweli anasema nini?" mmoja aliuliza. Walicheka sana, lakini kidumu hakikuwekwa chini.

Mama Feza alisimama mbele ya kitambaa chake, mikono ameitandaza. "PDG, weye mwenyewe ulinipa hizi."

"Nilikupa blanketi. Zahabu sikukupa."

"Basi chukua zahabu yako, uniachie blanketi yangu. Muoshe. Hapana choma."

Nilimsogelea nikamnong'oneza, "Na rangi, mama?" Wekundu ule ulikuwa haujashika vizuri, alikuwa ametoka kuniambia.

"Rangi itatembea," alijibu. "Moto inatembea zaidi."

Walikishika pembe zote, wakamwaga maji ndoo kwa ndoo, chini wakiweka makarai. Maji yalitoka mekundu. Mama Feza aligeukia ukuta, hakutaka kuona. Papa Ramazani alizungusha karai, akamwaga, akazungusha tena. Chini kabisa palibaki mng'aro ambao usingefunika ukucha wa mtoto mchanga.

"PDG, utanunua ndege!" kijana mmoja alipiga kelele, na mwenye shimo mwenyewe akacheka mpaka akakaa chini. Hata hivyo, vumbi lake alilifunga kwenye karatasi ya sigara.

Wakakianika. Wekundu ulikuwa umeteremka kutoka kwenye mistari, ukagawanyika juu ya kijivu kama vijito. Mama Feza aligeuka. Alikitazama, akasogea, akakigusa.

"Hii ni kilima yetu," mchimbaji mmoja alisema polepole. "Siku ya mvua."

"Mushike upande ule!" Papa Ramazani alifoka ghafla, ameinua pembe ya chini kwa mikono miwili. "Hamuoni inagusa matope?"

Tulirudi Kasongo kitambaa kikiwa mgongoni mwangu ndani ya turubai, na Shabani alinikataza kushuka kusukuma, nisije nikakiangusha. Alisukuma peke yake, akaimba peke yake.

Katika safari hii nilijifunza kuwa sifa nayo huangalia mahali pa kutolewa. Nilijifunza pia kuwa mtu anaweza kuishi na blanketi miaka mingi, akalikanyaga, akalikamua, na asilione mpaka mwingine alitundike.

Kilipotundikwa ukumbini wasichana walikisogelea wote kwa pamoja. Mmoja alifuata kijito chekundu kwa kidole, akaniuliza huyo mama anafanyaje mpaka rangi inatembea hivi.

"Utamuuliza mwenyewe ukifika," nilimwambia. "Ila mimi nilivyoona, inataka makarai na wanaume sita wenye hasira."