Wageni Hupita Komarock

Kama kulikuwa na mtu Nairobi aliyeweza kukuambia ni wageni wangapi walilala mjini mwezi wa nane mwaka 1994, na ni wangapi walipita tu, mtu huyo alikuwa Wathome. Ndiyo iliyokuwa kazi yake. Aliketi katika ofisi moja ya ghorofa ya nne, akikusanya fomu kutoka hotelini: wageni waliofika, nchi walizotoka, na ile safu aliyoiheshimu kuliko zote, safu ya usiku waliolala. Mgeni akilala wiki nzima, huandikiwa usiku saba. Asiyelala si kitu, hata akinywa chai birika zima.

Na kila mwezi mambo yalikuwa yale yale. Wageni walishuka kwenye ndege Nairobi, wakapigwa picha Nairobi, kisha wakaenda Mombasa kulala wiki mbili. Mkubwa wake, Bwana Shitanda, alipoziweka karatasi za miji hiyo miwili bega kwa bega, uso ulimkunjamana.

"Sisi ni mlango tu, Bwana Wathome," alisema. "Watu wanapita mlangoni wakalale kwa wenzetu."

Wathome aliitikia kwa uchungu ambao haukuwa wa serikali. Alikuwa akiifikiria nyumba yake mwenyewe.

Nyumba hiyo ilikuwa Komarock, vyumba vitatu vya kulala, karibu kabisa na Kangundo Road ambako mabasi ya kutoka Ukambani yalishusha watu. Ndugu na majirani wa kwao wakija Nairobi walishukia hapo. Waliweka mizigo, wakanywa chai, wakasifu makochi na vitambaa vyake vya kufuma. Jua likianza kuinama, mmoja angejinyoosha na kusema, "Haya, wacha tufike kwa Muthama."

Muthama alikuwa mdogo wake, mchonga vinyago, aliyeishi Dandora katika vyumba viwili. Choo kilikuwa cha ploti nzima, na upepo ukigeuka, moshi wa jaa la taka uliingia mpaka kwenye sufuria. Huko ndiko watu walikolala, wakibanana sakafuni katikati ya twiga ambao hawajapigwa msasa, na wiki ikiisha ilibidi wasukumwe waondoke.

Tuseme ukweli, maana hakuna wa kumficha: Wathome alikuwa na wivu. Ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Yeye ndiye mkubwa, yeye ndiye aliyesoma, yeye ndiye mwenye kitanda cha wageni chenye godoro ambalo bado lilikuwa kwenye nailoni yake.

"Baba Kisilu, kizuri chajiuza," mkewe, Mwelu, alimwambia siku moja. "Wewe mgeni akiingia unamwonyesha pa kuweka viatu, unamwambia taa zinazimwa saa tatu, halafu unamuuliza anaondoka lini."

"Ninauliza ili nipange!"

"Kwa Muthama haulizwi."

Badala ya kujirekebisha, karani wetu alinunua daftari. Alipiga mstari katikati ya ukurasa, upande huu Komarock, upande huu Dandora. Hesabu za Dandora alizipata Jumapili baada ya kanisa kwa Nthoki, mke wa Muthama, ambaye alijibu kila swali huku akicheka, bila kujua anachunguzwa. Mwezi wa nane ulipokwisha, Wathome alijumlisha. Komarock: waliofika, thelathini na mmoja, usiku, minne tu, na miwili kati ya hiyo ilikuwa ya mchungaji aliyezuiwa na mvua. Dandora: waliofika, kumi na tisa, usiku, mia moja ishirini na sita. Alifunga daftari akakataa chakula cha jioni.

Ndipo habari zikaja kwamba Susu Mbinya anakuja kutolewa mtoto wa jicho. Huyu alikuwa nyanya yao, aliyewalea Wathome na Muthama tangu wazazi wao walipofariki. Alikuwa na desturi yake ya tangu zamani: alfajiri, kabla ya kuonja kitu, aliwabariki watu wa nyumba aliyolala, akimtemea kila mmoja mate kidogo kifuani. Mara mbili alikuwa amekuja Nairobi na mara zote mbili alilala Dandora. Tangu Wathome aoe, kifua chake hakikuwa kimepata hata tone.

"Safari hii hapiti mtu," aliapa.

Akadanganya pande zote. Alimwambia Muthama kwamba safari ya Susu imesogezwa hadi mwezi ujao. Susu, aliposhuka kwenye basi na kuuliza njia ya Dandora, akaambiwa kwamba Muthama ana kazi nyingi, na tena vumbi la mbao litamharibu jicho. Mwanamke mzee akajikokota kumfuata. Godoro lilivuliwa nailoni.

Kesho yake akafanyiwa upasuaji, jicho likafungwa, akarudishwa Komarock. Na kila alfajiri Wathome alisimama mlangoni pa chumba cha wageni, daftari mkononi.

"Susu, umelalaje?"

"Nimelala."

"Wa kwanza," alisema, akaandika. Kesho yake, "Wa pili." Ofisini walizoea hivyo: mmoja husoma nambari kwa sauti, mwenzake huweka alama. Hapa hakukuwa na mwenzake, lakini mazoea yana taabu. "Wa tatu." Moyo wake ulijaa. Safu ya Komarock ilikuwa ikinenepa.

Ila baraka hazikutoka. Kila alipofika alimkuta Susu tayari amekaa kitandani, leso kichwani, kifurushi chake kimefungwa na kupakatwa mapajani. Chakula alikigusa tu. Siku ya nne akauliza, "Muthama atakuja kabla ya mwisho?"

"Mwisho wa nini, Susu?"

"Nauliza tu."

Wathome alifunga daftari. Hata akiwa kwangu, alifikiri, bado anamtaka yule!

Jumamosi bandeji ikatolewa na jicho likaona. Jumapili alfajiri Wathome aliingia akiwa amefungua vifungo viwili vya shati, amejiandaa. "Wa saba!" alisema kwa furaha. "Susu, leo hutatubariki?"

Susu alimtazama kwa lile jicho jipya.

"Mjukuu, niambie ukweli sasa. Daktari alisema zimebaki ngapi?"

"Ngapi za nini?"

"Siku zangu. Kila alfajiri unakuja kuzitaja. Sisi hatuhesabu watu, Wathome. Hata mbuzi hatuwahesabu; unawatazama tu ukajua nani hayupo. Anayehesabiwa ni wa kwenda. Nimekaa macho usiku saba nikingoja unieleze, nikingoja uniletee Muthama nimuage. Nawe unaandika tu."

Wathome aliketi sakafuni. Mwiko huo aliujua. Alikuwa na miaka sita alipohesabu watoto waliozunguka chungu cha isyo, mahindi na maharagwe ya kwao, akisema mmoja, wawili, watatu, na mkono uliomzaba kofi ulikuwa wa mwanamke huyu huyu. Ofisi ilikuwa imemsahaulisha kofi lile. Akamfungulia daftari, akamwonyesha safu mbili ambazo Susu hakuweza kuzisoma, akamweleza yote, pamoja na uongo.

"Nilikuwa na wivu, Susu. Wote wanalala kwake."

"Kwa hivyo sifi?"

"Hufi."

"Basi nipeleke kwa Muthama nikamwonyeshe jicho."

Wathome alibeba kifurushi, Susu akamshika mkono, wakatembea polepole hadi Dandora. Muthama alikuwa mlangoni akipiga twiga msasa, na alipoinua kichwa, twiga alianguka.

"Susu! Kaka, si ulisema mwezi ujao?"

"Nilikudanganya. Amekuwa kwangu wiki nzima. Nilitaka alale kwangu, asilale kwako."

Wathome alingoja matusi. Aliyatamani hata. Muthama alijipangusa vumbi mikononi.

"Ungeniambia tu, brathe. Ningemleta mwenyewe."

Neno hilo lilimchoma kuliko tusi lolote, kwa sababu alijua ni kweli. Mtu wa namna hiyo utamshindaje?

Siku nzima watu waliingia na kutoka. Susu alikula ugali na mboga akaomba tena, akacheka mpaka jicho likatoa machozi na Nthoki akaogopa. Jua lilipoinama Wathome alisimama, akajinyoosha, akasema, "Haya, wacha nifike kwangu."

"Unaenda wapi?" Susu akauliza. "Kuna mtu amekuuliza unaondoka lini?"

Kwa hiyo akalala hapo, karani mwenye vyumba vitatu, kichwa kimeegemea kifaru wa mti na miguu ya mtoto wa Nthoki ikiwa mbavuni mwake. Alfajiri alihisi vidole vikimfungua shati. Susu alianza naye, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa, akamtemea kifuani, akamsugua kwa kiganja, kisha akaenda kwa Muthama na wengine. Wathome alilala chali akitazama mabati. Wivu ulikuwepo bado. Alipomsikia Susu akicheka na Muthama, mwiba ulimchoma palepale. Lakini kifua kilikuwa kimelowa, na hakutaka kukipangusa.

Alifika ofisini moja kwa moja kutoka Dandora. Bwana Shitanda alikuwa ameshatandaza karatasi za miji miwili mezani.

"Mombasa tena," alinung'unika. Kisha akamtazama kwa mshangao. "Bwana Wathome, shati lako limejaa vumbi la mbao. Umelala wapi?"

"Dandora, kwa ndugu yangu."

"Mlikuwa wangapi huko?"

Wathome alifungua mdomo kujibu, kwa mazoea, akaufunga.

"Sikuhesabu," akasema.