Mpima Damu wa Nabuyonga
Mpima damu wa kliniki ya Nabuyonga alikuwa na vidole vya zambarau, kwa ile rangi ya kupaka damu kwenye kioo, na hakuinua jicho kwenye hadubini hata akisalimiwa. Alihesabu wadudu wa malaria kwa kunong'ona, na akifika mwisho alirudia tangu mwanzo, kama mtu anayejishuku mwenyewe. Mwalimu Geresom, ambaye kazi yake ilikuwa kushuku wengine, alitetemeka kwa homa pale benchini huku akiwahubiria wagonjwa kwamba malaria huwarudia wavivu wanaoacha dawa njiani. Mwezi uliopita ilipomrudia mkewe Topista, naye akaapa kwamba alimaliza dawa, alimwita mwongo mbele ya watoto.

"Wamo, mwalimu," mpima damu alisema kwa sauti yake ya chini. "Wengi."

"Haiwezekani. Nilimeza klorokwini yote, vidonge kumi, siku tatu. Ikaniwasha, nikajikuna mpaka Jumapili."

"Nakuamini. Siku hizi, kutoka Jinja mpaka hapa, wadudu wameizoea dawa hiyo. Wewe unameza yote, wao wanabaki." Akafuta kioo mara tatu, kama kawaida yake. "Hata mkeo nilimwamini, mwezi uliopita. Nilimwambia akueleze."

"Alinieleza," alijibu Geresom, na benchi zima likamgeukia.

Alichukua karatasi yake ya majibu, akashika njia ya nyumbani akitafuta namna ya kuomba radhi. Miaka ishirini alikuwa amesahihisha insha za watoto wa Mbale, lakini mpaka anafika mlangoni alikuwa hajapata sentensi ya kwanza.