Ufa wa Ukumbi wa Kariakoo

"Jumba zima hili bila nguzo katikati, linashikwa na nini?"

Bibi yangu, Bi Zuhura, alinirushia swali hilo nikiwa darasa la tano. Mimi, niliyehoji kila kitu mpaka ustadhi wa chuo cha Kurani akanibandika jina la Bi Kwanini, nilibaki nimekodolea dari macho.

Enzi zetu (sijafika hata thelathini, lakini ukiwaona watoto wa sasa wanavyocheza mpira kwa vidole gumba, utakubali nina haki ya kusema enzi zetu) ukumbi ule ulikuwa sebule ya mtaa. Asubuhi kliniki ya watoto, mchana mkutano wa wazee, Jumamosi harusi. Sisi tulicheza rede kivulini mwake, tukinyonya barafu za ukwaju mpaka midomo ikafa ganzi, huku harufu ya mihogo ya kukaanga ikitufuata kutoka uchochoroni. Ukivua ndala ukatembea peku kwenye sakafu ile, joto lote la mwezi wa pili unalisahau.

Wazee walisema ulikuwa kati ya majumba ya kwanza mjini kujengwa kwa zege lenye nondo ndani, kabla Bibi hajazaliwa. Watu wa wakati huo, waliozoea nyumba za miti na udongo, waligoma kuingia. Walichungulia mlangoni na kuapa kwamba paa litashuka. Halikushuka. Baadaye wakaozana humo, Bibi mwenyewe akiwemo.

Mwaka ambao shangazi yangu Salma alichumbiwa, lipu ya ukutani ikabanduka na ufa ukaonekana. Ulianzia sakafuni, ukapanda ukutani, ukavuka dari na kushuka upande wa pili, umenyooka kama umepigwa rula. Mzee Nassoro wa Magomeni, baba wa bwana harusi, alikuja kukagua. Aliutazama ufa, akarudi mlangoni taratibu.

"Bi Zuhura, watu wangu siwaleti hapa. Tukafanyie kwetu, uwanjani."

"Uwanjani?" Bibi akashika kiuno. "Na kadhi atakuja na filimbi?"

Mzaha ukaishia hapo. Mzee Nassoro aliapa hatakaa chini ya paa lile. Bibi akaapa hatakanyaga uwanja wowote. Shangazi Salma akajifungia chumbani akilia, maana kadiri wazee walivyozidi kuapa, ndivyo harusi yake ilivyozidi kupotea.

Wanawake wa mtaa walikuwa na njia yao ya kupima ufa. Unabandika karatasi juu yake kwa uji mzito wa ngano. Ukuta ukizidi kufunguka, karatasi inachanika. Mzee Nassoro akakubali: ikikaa nzima mpaka mwezi uandame, harusi ni hapo hapo. Kila tukitoka chuo tulikimbia kuitazama, mabuku yakiwa bado kwapani.

Asubuhi moja tukaikuta vipande vipande. Mtaa ukalipuka. Shangazi akajitupa kitandani. Mzee Nassoro aliitwa, akaja na uso wa msiba, ila macho yalikuwa yakicheka.

"Shikamoo, babu," nikamwambia. "Kama ukuta ndio umeichana, mbona vipande vingine havipo?"

"Marahaba. Mtoto huyu mnamlisha nini?"

Bibi akavaa miwani, akasogeza uso ukutani. Kingo zote zilikuwa na alama za meno. Panya! Jirani yetu, Mama Asha, akanusa kipande.

"Shoga, gundi hii umetia iliki?"

Bibi akavua miwani. "Na sukari," akasema. "Mkono wangu haujui kupika uji mwingine."

Tulicheka mpaka Mzee Nassoro akaomba kiti. Akakalia kiti hicho ndani ya ukumbi, chini ya paa alilolikataa, akaruhusu jaribio lirudiwe. Safari hii Bibi alikoroga uji kwa pilipili kichaa, akabandika karatasi alfajiri. Mchana ilijikunja, asubuhi ikanyooka tena, lakini haikuchanika. Mwezi ukaandama. Shangazi Salma aliolewa pale, pilau likapikwa uchochoroni kwa masufuria ya nyumba zote, na Mzee Nassoro akacheza mpaka kofia ikamdondoka.

Siku hizi ukumbi umezungukwa na maghorofa ya vioo. Vijana huchagua kumbi zenye viyoyozi na maua ya plastiki ya kupigia picha, na jirani yao anajua wameoa kwa kuona kwenye simu. Nawacheka, ingawa nami nina picha zangu mbele ya maua hayo. Zamani tuligombana uso kwa uso na tukapatana hivyo hivyo. Hilo nalikumbuka kuliko pilau. Hata hivyo, mwaka huu kamati ya mtaa imekataa kuuza kiwanja, mafundi wanapaka rangi, na binti wa Shangazi Salma, ingawa bado yuko shule, ameshasema harusi yake ni pale.

Wiki iliyopita nilimwonyesha ufa mhandisi anayesimamia ukarabati, nikamuuliza kama safari hii watauziba. Akashtuka. Haukuwa ufa. Wajenzi wa kwanza waliiacha nafasi ile makusudi, ili zege lipate pa kutanukia jua la Dar es Salaam likiwaka. Wangeiziba, akasema, hapo ndipo ukumbi ungepasuka kweli.