Bondia Asiyeanguka

Pale Wabera, mjini Isiolo, kulikuwa na hoteli ndogo ambayo nilikuwa nikiipelekea mandazi kila asubuhi, mtoto mgongoni. Wanaume wa pale walikuwa na kazi moja, kupanga mabondia. Nani wa kwanza Isiolo, nani wa pili, nani si bondia bali ni kelele tu. Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea kwisha, na mabondia wa mji wetu ungeweza kuwaketisha wote kwenye benchi moja, lakini mabishano yao yangetosha mkoa mzima. Na aliyewekwa wa kwanza, siku nyingi, alikuwa mume wangu.

Mpinzani wake alikuwa mwanajeshi wa kambini. Huyo alikuwa ameshinda mapambano mengi zaidi, mengine huko Nairobi. Ukihesabu kama mtu aliyesoma, yeye ndiye wa kwanza. Lakini pale hotelini kila ushindi ulipimwa upya.

"Alipiga nani huko Nairobi?" mwenye hoteli angeuliza akimimina chai. "Mpishi."

"Mpishi wa jeshi ni jeshi," mchuuzi wa mbuzi angejibu, shavu limejaa miraa. "Na huyu wenu? Ile ya Merti mimi sihesabu. Refa alikuwa shemeji yake."

"Shemeji wa mbali."

"Wa mbali na kila Idi anakula kwake?"

Wakicheka, wakibishana, mwishowe walifika pale pale. Mwanajeshi aliwahi kukalishwa chini na kijana wa Meru, akainuka refa akiwa anakaribia kumaliza kuhesabu. Mume wangu hajawahi hata kugusa sakafu kwa goti. "Huyu hajaanguka," mwenye hoteli angesema, na mjadala ukaisha. Mpaka leo nikilisikia neno hilo meno yangu yanasagana.

Kwa sababu nyumbani alikuwa anaanguka.

Mara ya kwanza alikuwa ameinama nje ananawa uso. Alienda chini kwa ubavu kama gunia linaloshushwa kwenye lori, macho yakageuka, povu likatoka. Jirani yangu, mama wa Kiborana, alikuja mbio, akavua mtandio wake akamwekea chini ya kichwa. Akaniuliza polepole, "Anaanguka tangu lini?" Hakutaja ugonjwa wowote. Kwetu ukisema mtu anaanguka, inatosha.

Alipopata fahamu hakuniuliza amepatwa na nini. Aliuliza, "Nani ameona?"

Hospitalini waliuliza kazi yake, tena wakauliza ngumi ngapi za kichwa. Nani anajua? Hizo hakuna mtu aliyewahi kuzihesabu. Wakampa vidonge na wakamwambia asipigwe tena. Akaitikia vizuri kabisa, kama mtoto wa shule. Tulipofika nyumbani akasema amebakisha moja tu, ya mwanajeshi, pale soshal, ukumbi wa mji, ili watu waache kubishana.

"Halafu unaacha?"

"Halafu naacha. Kwani wewe unataka niwe wa pili?"

"Nataka umshike mtoto bila mimi kusimama karibu."

Akavirudisha vidonge ndani ya karatasi. Kisha akasema, "Ukienda kutangaza huko nje, umenimaliza."

Nililifikiria hilo. Siri ya mume haitolewi sokoni, hivyo ndivyo nilivyolelewa, na mama yangu angenikana. Lakini siku ya pambano ilikaribia na vidonge vilikuwa bado viko ndani ya karatasi yake. Asubuhi moja niliweka beseni la mandazi mezani, na mwenye hoteli alikuwa ndio anamalizia wimbo wake kwamba huyu hajaanguka.

"Anaanguka," nikasema.

Mchuuzi wa mbuzi akacheka. "Shemeji, kwako wewe hata mimi ningeanguka."

"Jumatatu ameanguka na kikombe mkononi. Ameuma ulimi."

Hapo mchuuzi akanitazama, na akauliza kwa makini, kama anayetafuta haki, "Lakini kuna mtu alikuwa amempiga?"

"Hakuna."

"Basi hiyo haihesabiwi. Hiyo si ya ulingoni."

Na wengine wakatikisa vichwa kukubali, wamepata nafuu. Nilitamani kuwamwagia chai. Watu hawa walikumbuka refa ameoa wapi. Walikumbuka nani alipigana akiwa na malaria. Lakini hili hawakuwa na mahali pa kuliweka. Nimefikiri sana tangu siku ile. Rekodi ya bondia inaishia kengele ikilia, na ngumi haziishii hapo. Zinakuja nyumbani, na huku hakuna refa.

Mmoja tu hakutikisa kichwa, mzee aliyekuwa akiwafundisha mabondia wetu, mstaafu wa jeshi. Aliuliza kama anatoa povu. Nikasema anatoa. Aliacha chai yake akatoka, na kabla ya jioni jina la mume wangu lilikuwa limeondolewa kwenye pambano.

Siku ya pambano mwanajeshi aliinuliwa mkono mbele ya kona tupu, na ukumbi ukapiga miluzi. Mume wangu alikaa nyumbani, mgongo kwangu. Lakini vidonge alimeza, na kuanguka kukapungua. Hotelini walimshusha akawa wa pili, kisha wa tatu, maana, walisema, alikimbia. Niliendelea kupeleka mandazi. Mchuuzi aliponiambia ningenyamaza mume wangu angekuwa wa kwanza, nilimwambia angekuwa wa kwanza makaburini.

Kisha mwanajeshi mwenyewe akaanza kuja kunywa chai pale, bingwa, wanamsogezea kiti. Asubuhi moja alinifuata nyuma, kwenye jiko, akijifanya anatafuta maji ya kunawa. Akatazama mlangoni kwanza.

"Shemeji," akasema, "ile ya mzee wako ilianza namna gani?"

Nikamwambia yote. Kichwa kuuma asubuhi, maneno yanayopotea katikati, mkono unaoruka wenyewe. Alisikiliza, maji yanamwagika juu ya viatu vyake. Ndani walikuwa wanamwita aje awaamulie, kwamba yeye na yule bondia wa Garissa, nani mkubwa.